Rejeta Niliichagua Mimi, Lawama Akabeba Shemeji

Admin, habari za kazi. Naomba ufiche jina langu, maana huku tunajuana wote na mke wangu anaufuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, fundi magari, gereji yangu ipo Mikumi. Nina mke na watoto wawili. Mke wangu kwao ni Kilosa, pale Magomeni, na baba yake ni mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa, mkali lakini wa haki. Mzee ana gari dogo lenye turbo. Alimkabidhi mwanawe wa kiume, yaani shemeji yangu, abebe abiria na mizigo kati ya Kilosa na Ruaha. Shemeji ana miaka 28, mpole, hata kuovateki lori anaogopa.

Gari lile lina intakula ya maji. Kwa wasiojua, turbo ikisukuma hewa kwenye injini, hewa hiyo inakuwa ya moto, kwa hiyo inapozwa kwa maji. Maji hayo yana rejeta yake ndogo inayokaa mbele kabisa, mbele ya rejeta kubwa ya injini. Mwaka jana ile ndogo ilitoboka, haizibiki tena. Mzee akaniambia, "Baba Neema, hilo nakuachia wewe." Kuambiwa hivyo na baba mkwe ni heshima, na sikatai, kichwa kilivimba kidogo.

Nikaenda Dumila kwa muuza spea za mtumba, pamoja na fundi mzee aliyenifundisha kazi. Zilikuwepo mbili zinazoweza kukaa. Moja nyembamba, mapezi yake, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, yameachana. Nyingine nene, mapezi yamebanana, ya kuvutia macho. Nilikuwa nimeangalia video nyingi kwenye simu, na zote zilisema mapezi yakiwa mengi ndiyo maji yanapoa. Fundi mzee akaiinua ile nene juani, akaigeuzageuza, akasema, "Huku kwetu nunua rejeta unayoona upande wa pili." Nikamtania kwamba yeye ni fundi wa enzi za kabureta. Akacheka tu. Nikachukua ile nene.

Miezi ya mwanzo gari lilikwenda vizuri. Ukaja msimu wa miwa. Wa Ruaha na Kidodi mnajua, mashamba yakichomwa masizi yanadondoka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Changanya na vumbi la barabarani. Siku moja gari lilichemsha kilimani njia ya Kilosa, likazima, likavutwa hadi kwangu. Nikafungua bampa. Mapezi yalikuwa yamejaa masizi na vumbi, yameshikana kama ukoko wa ugali. Hewa haikupita kwenye rejeta ile wala kwenye kubwa iliyo nyuma yake. Hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepinda, pistoni moja imetoboka.

Nilichofanya hapo sijakielewa mpaka leo. Nilichukua mpira wa maji nikaiosha ile rejeta mpaka ikang'aa, kabla mzee hajafika. Sikuwa na hofu, sikuwa na mpango. Mikono ilifanya tu.

Mzee alipofika nikampa shikamoo, akaitikia, akainama kuangalia injini. Shemeji alisimama pale pale, mikono nyuma. Mzee akaniuliza, "Wewe ndiye unayeyajua haya mambo. Alilikimbiza?"

Nikasema, "Inaonekana hivyo, baba."

Shemeji hakubisha. Aliyoambiwa siku ile siyarudii hapa. Alinyang'anywa ufunguo, akaambiwa asionekane nyumbani mpaka ajue thamani ya mali ya mtu. Sasa yuko Ruaha anakata miwa. Wazazi wa binti aliyemchumbia wamesikia kwamba ni mtu wa mbio, wamesema mahari isubiri kwanza.

Tangu siku hiyo mimi sisikii kitu moyoni. Nakula, nafungua nati, nafunga nati. Mke wangu alilia mbele yangu kwa ajili ya mdogo wake, nikampa maji ya kunywa, nikarudi gereji. Nilidhani nitakosa usingizi. Nalala vizuri tu, na hilo ndilo linalonitisha, ingawa hata huko kutishika nakusema kwa mdomo zaidi kuliko ninavyokuhisi.

Juzi shemeji akanipigia. Mzee amekubali kumsikiliza Jumapili hii baada ya ibada. Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto aliyekosa haendi peke yake, huenda na mkwe amsemee, kwa kuwa neno la mkwe halirudishwi. Amenichagua mimi. Nikamwambia sawa. Kabla hajakata akasema:

"Shemeji, unakumbuka nilikwambia gari limekuwa zito kilimani, ukasema nikanyage tu, turbo itafunguka? Nilikanyaga kweli. Hilo sijamwambia baba, na Jumapili sitalisema. Sitaki akuvunjie heshima."

Nilikuwa nimesahau kabisa, na uzito ule ndio ulikuwa dalili ya rejeta kuziba. Nikamwambia sawa, nikarudi chini ya gari nililokuwa nalitengeneza.

Nikisema ukweli, mzee hatanitazama tena, na mke wangu atajua kwamba machozi yake niliyaangalia huku najua. Nikinyamaza, nitasimama sebuleni kwa watu nimwombee msamaha mtu asiye na kosa, kwa kosa langu mwenyewe. Mzee atasamehe, kwa kuwa nimeomba mimi. Kisha shemeji atanishukuru.

Ndugu zangu, matusi nitukaneni, nayastahili, ila na ushauri mnipe. Jumapili nikishapewa nafasi ya kusema, na shemeji amepiga magoti pembeni yangu, nianze na neno gani?