Samaki Mwenye Njaa na Mkono wa Baba

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na hata alipotimiza miaka thelathini na moja, na kazi yake na miwani yake, jina halikubanduka. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza tovuti za kampuni, zile kurasa zenye picha ya watu wanaopeana mikono na namba ya simu isiyopokelewa. Hakuipenda wala hakuichukia.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Mteja akisimama mlangoni tu, yeye keshajua kiuno. Alipanga chumba cha ushonaji pamoja na mwenzake, na cherehani ya Baba ilikaa dirishani penye mwanga, kwa heshima ya umri. Asubuhi moja akitunga uzi, sindano ikamponyoka, akainama kuiokota, akabaki huko huko chini. Kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, mguu ukarudi nusunusu, lakini mkono wa kulia ukagoma kabisa.

Daktari wa mazoezi, mwanamama mpole aliyezidiwa na foleni, hakuwaficha. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Kidole kisogezwe kila siku, mara mia, mara mia mbili. "Mkiuacha upumzike, utazoea kupumzika," alisema. Naye yule mwenzake Baba wa chumba cha ushonaji akatuma salamu: nafasi ya dirishani ataishikilia hata mwaka mzima, ilimradi ajue kwamba mtu anarudi.

Baba akapewa mpira wa kuminya. Akautupa uvunguni kwa mkono wa kushoto, akasema yeye si mtoto mchanga.

Hapo ndipo Kitinda alipopata wazo la gemu ndogo, ya kufunguliwa kwenye kivinjari na kuchezwa kwa kitufe kimoja tu, kile kirefu cha chini. Samaki wa kilindini, kule jua lisikofika, mdomo mkubwa kuliko tumbo, na kitaa kikining'inia mbele ya uso. Alimchagua kwa uvivu mtupu, maana bahari ya juu inataka mawimbi na rangi kumi na mbili, lakini kilindini ni weusi tu, unapaka mara moja umemaliza. Ukibonyeza, samaki anapanda. Ukiacha, anazama. Makombo yanashuka polepole kutoka juu, na akiyakosa, mstari mwekundu wa njaa unafupika mpaka anageuka tumbo juu.

Shangazi, dada yake Baba aliyekuja kumuuguza, akachungulia juu ya bega lake. "Huyu si baba mwenye nyumba huyu? Mdomo ule ule!"

Baba akacheka kwa upande mmoja wa uso. Akawekewa mkono juu ya kitufe, akaanza. Ilikuwa kazi nzito. Jasho lilimtoka, kidole kikatetemeka, kikainuka kama unene wa kucha, kikaanguka. Samaki akafa. Akafa tena. Siku ya pili alikufa mara thelathini na moja, na Baba akageuzia uso ukutani.

"Mzime, mama," alimwambia binti yake. "Anateseka bure."

Kitinda hakulala vizuri. Kesho yake akafanya jambo wanalolifanya watu wa kazi yake wakitaka kujaribu gemu bila kusumbuka kuicheza: akaweka msaada wa siri. Mchezaji akichelewa sekunde mbili, samaki anasogea mwenyewe kwenye kombo. Mstari huo wa programu akaupa jina huruma, akaandika pembeni: huruma moja. Ni wa wiki moja tu, alijiambia, mpaka mzee apate moyo.

Na moyo ukapatikana. Samaki akaishi dakika nzima, kisha tano. Baba akaanza kuamka mapema na kudai kompyuta yake. Kitinda akirudi kutoka kazini alipitiliza na viatu vyake hadi mezani, akaandika kwenye daftari namba ya makombo yaliyoliwa: kumi na mbili, arobaini, tisini na tano. Namba zikisimama, huruma mbili. Zikisimama tena, huruma tatu. Ataipunguza wiki ijayo, na mnaijua hiyo wiki ijayo.

Siku ya kliniki daktari alilipokea lile daftari kwa mikono miwili. Akaushika mkono wa Baba, akaukunja, akaukunjua, akakunja uso kidogo. "Bado mzito. Lakini namba haziongopi. Mzee, wewe umetuaibisha!" Akamtoa kwenye zamu ya mara mbili kwa wiki, akampeleka kwenye ya mara moja kwa mwezi, ili nafasi apewe mwenye hali mbaya zaidi.

Simtetei Kitinda. Neno lilimfika kooni, akalimeza, kwa aibu na kwa kuwa Baba alikuwa akitabasamu. Njiani akampigia mwenzake wa Baba kumtajia namba. Yule bwana akafurahi hadi akamkatalia mpangaji aliyeitaka ile nafasi.

Miezi miwili ikapita. Siku moja umeme ulikatika ofisini, wakaruhusiwa saa sita mchana. Kitinda akakuta mlango umerudishiwa na shangazi katoka. Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, na wa kushoto umeufunika, kama mtu anayemzuia mtoto asichezee vitu vya watu. Kwenye skrini samaki alikuwa akipanda na kushuka, akila mwenyewe kombo moja baada ya jingine. Namba ilisomeka mia mbili na kumi na mbili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umewahi leo."

Kitinda akaitazama ile mikono.

"Nilisinzia siku moja, wiki ile ya kwanza," Baba akasema polepole. "Nikaamka, samaki kashiba kuliko mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukiingia mbio, hata viatu huvui. Tangu niugue sijakuona unafurahi hivyo. Nikasema, aa, mwache."

Kitinda akapiga magoti pale pale, akafungua programu, akaandika: huruma sifuri. Akaubeba mkono wa Baba, akauweka juu ya kitufe. "Jaribu, Baba. Tafadhali jaribu."

Baba alijaribu. Mishipa ya shingo ilimtoka. Kile kidole, ambacho mwanzoni kiliinuka japo unene wa kucha, sasa hakikuinuka kabisa. Samaki akazama taratibu na kitaa chake, akageuka tumbo juu kwenye sekunde ya kumi na tisa. Wakarudia. Wakarudia mara nne, na Kitinda akawa analia waziwazi huku akibonyeza "anza upya."

"Basi," Baba akasema. "Nipigie mwenzangu."

Alipiga, akaweka sauti ya juu. Simu ikapokelewa kwa kelele za furaha. "Enhe, mwanangu! Anarudi lini mtu wangu? Nimempatia kiti chenye mto, kile cha zamani kilimvunja mgongo. Na dirisha nimelisafisha mwenyewe!"

Baba akaichukua simu kwa mkono wa kushoto.

"Ndugu yangu," akasema, kila neno peke yake. "Mkono umekataa. Kaa wewe dirishani."

Upande wa pili zilisikika cherehani za vyumba vya jirani zikienda, muda mrefu, na hakuna aliyekata simu.