Disketi ya Colombe Haikuwa Imekufa

Ni saa mbili asubuhi, umeme umerudi mtaani Nyawera, na Adolphine anachapa ukurasa wa hamsini na tatu. Kazi hii hailipwi.

Godelive, anayeuza mikate mlangoni pa ofisi yake, hawezi kunyamaza. "Maman Adolphine, ulituambia mashine yako mupya inajua yote. Mbona iko inakukondesha?" Adolphine anacheka kidogo, halafu anainamisha kichwa.

Kwa miaka minne amewachapia wanafunzi mémoire zao za kumaliza masomo. Kompyuta yake ilikuwa ikikwama mara tano kwa siku, na mara mbili ilimeza kazi ya mtu. Mwezi wa tano mwaka huu, 1993, fundi Léopold aliung'oa mfumo wa zamani, akaweka mwingine alioupata Bujumbura.

"Nilimuambia wazi," anasema Léopold. "Haitakwama tena, lakini disketi za système ya zamani haitasoma. Akanijibu, Papa Léopold, hiyo ni kitu kidogo."

Kweli haikukwama. Adolphine akaringa. Alitangaza sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya maji, kwamba Bukavu nzima hakuna mashine kama yake.

Mwezi wa sita akaja Colombe, anayesomea ualimu, na kurasa tisini na mbili kwenye disketi. Zilikuwa zimechapwa kwa mfumo wa zamani, katika ofisi ambayo imeshafungwa. Zilibaki tu kutolewa kwenye karatasi. Mashine ikakataa. Watu sita walikuwa wameketi pale, wanatazama.

"Nilisikia haya," anasema Adolphine, macho kwenye vidole vyake. "Nikamuambia, mutoto yangu, disketi yako imekufa. Akaitupa mbele yangu. Ilikuwa muzima. Kesho yake nikaitafuta kwa takataka, walikuwa wamezichoma."

Colombe alikosa kikao cha kutetea mémoire cha mwezi wa saba, akaanza kuandika upya kwa kalamu. Adolphine alipopata habari, alimwambia alete karatasi zake, atamchapia bure. Sababu hakuitaja.

"Kila juma ananiletea sambaza, samaki ndogo ya ziwa," anasema Adolphine. "Anasema Mungu aniongezee. Ile samaki inanishinda kumeza."

Zimebaki kurasa thelathini na tisa. Anatuuliza gazeti letu, litakaloandika habari hii, linatoka siku gani. Anaambiwa Jumamosi.

"Basi Ijumaa nitapanda Kadutu kwao Colombe, nimuambie kwa kinywa yangu. Nikiogopa, atanisoma kwa gazeti." Anangoja kalamu yetu iwe tayari. "Andika jina yote. Adolphine M'Cirhuza, wa Nyawera."