Chumba Nyuma ya Lori

Kila nikifungua kichupa cha mafuta ya karafuu kumchua mama miguu, harufu yake hunirudisha mji wa Ibra, kwenye lori la sarakasi.

Tulikuwa tumehamia kwa kina baba, nyumba ambayo wote walisema Kiarabu na hapana aliyejua Kiswahili. Mama alijibu kila kitu kwa "naam" na "inshallah" tu. Siku moja akasikia kuwa katika sarakasi iliyopiga hema nje ya mji yumo msichana wa Mombasa. Akapika mikate ya ufuta, akanishika mkono, tukenda.

Watu wa sarakasi waliishi ndani ya lori, kwa nyuma. Vitanda vilipangwa kimoja juu ya chengine, nguo za michezo zilining'inia zikinuka jasho, na sufuria zilifungwa kamba zisianguke njiani. Yule msichana alikuwa akijichua vifundo vya miguu kwa mafuta ya karafuu.

"Shikamoo mama," alisema. Mama akakaa kitako pale pale.

"Marahaba mwanangu. Lete nikuchue mimi."

Akamchua huku akimuuliza habari za Mombasa. Msichana alijibu maneno mawili matatu, akala nusu mkate, usingizi ukamchukua.

"Mama, kalala," nikasema. "Twende zetu."

"Naona kalala."

Hakuinuka. Alishika mguu wa pili, akaendelea kumsimulia taratibu kisima cha kwao, mashoga zake wa utotoni, harusi aliyoikosa. Kila alipouliza jambo alinyamaza kidogo, kama anayesubiri jibu, kisha akaendelea.