Nilisema "Halas" Mara Mbili

Mama alipozikwa sikuwepo. Leo ndio nimemzika, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Laptop yangu ilikuwa na mifumo miwili: Windows ya kazi, na Linux, ambako niliweka voice note zote za marehemu.

Asubuhi ikakataa kuwaka.

Nikaipeleka kwa fundi hapa Malaz, Riyadh, ninakofanya kazi. Mwarabu mpole, Kiingereza hana, na Kiarabu changu ni kile cha dereva tu.

Akahangaika nayo weee, kisha akanionyesha kwenye skrini ile sehemu ya Linux. "Hadha, halas?" Yaani, hii, tayari?

Mimi nikadhani ananiambia ameshaitengeneza. Nikamwinulia dole gumba. "Halas, halas!"

Kumbe alikuwa anauliza kama nimemalizana nayo, aifute.

Laptop ikawaka vizuri ajabu, Windows peke yake. Fundi akanionyesha, kwa furaha, nafasi kubwa niliyo nayo sasa.

Nikamuuliza kama ile nyingine inarudi.

"Mafi." Hakuna.

Hata kumkasirikia nimeshindwa.

Watu wa nyumbani, kama mama aliwahi kuwatumia voice note, hata ile ya kulalamika kwamba sipigi simu, nitumieni.