Mia Mbili ya Nia Njema

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji katika hospitali moja ya kibinafsi, na mama akaruhusiwa kurudi nyumbani Bahati baada ya kutia sahihi kwamba angemaliza bili kwa miezi michache. Hakuweza. Mvua ilizidi, viazi vikaoza shambani, na hospitali nayo ikanyamaza.

Sasa mtoto yuko gredi ya pili, hana meno ya mbele. Juzi mtu akampigia mama simu, akasema kazi yake ni kukusanya madeni ya ile hospitali.

"Mathe, tutakuja na lori tuchukue ng'ombe."

Tuna ng'ombe mmoja tu. Maziwa yake ndiyo sabuni, ndiyo unga, na kwangu mimi ndiyo mwanzo wa kiwanda cha maziwa ya mtindi ambacho nimeshakichagulia rangi ya malori.

Kisha akalegeza sauti. "Ama utume hata mia mbili, tujue una nia njema."

Hapo ndipo alipompata mama. Kwetu ukidaiwa unapunguza: unapeleka kidogo, unasalimia, mnaendelea kuheshimiana. Alikuwa ameshaanza kutuma nilipomsihi angoje kesho twende Nakuru, kwa sababu pale kortini kuna siku mawakili husikiliza watu bure.

Tulimpata wakili, msichana wa rika langu, anatafuna njugu. Akauliza mama alilipa lini mara ya mwisho. Tukamwambia: siku ile ya kutoka hospitali, zaidi ya miaka saba iliyopita.

"Deni kama hili lina miaka sita ya kupelekwa kortini," akasema. "Hiyo imepita. Kuomba wanaweza kuomba, lakini wakikushtaki, uende ujitetee kwamba muda umeisha. Na bila amri ya korti hakuna wa kugusa ng'ombe. Lakini ukituma hiyo mia mbili, ama utie sahihi kwamba bado unadaiwa, miaka inaweza kuanza kuhesabiwa upya."

"Kumbe heshima yangu ingemla ng'ombe," mama akasema.

"Na pembe zake, mama."

Jioni simu ikalia tena. Mama akapokea kwa upole. "Kijana, hiyo miaka yenu iliisha. Mkienda kortini, mimi nitakuja."

Simu ikakatwa.

Mama akaiangalia, ameumia kweli. "Hata hajaaga," akasema, akachukua ndoo akaenda kukamua.