Mafuriko Chumbani kwa Mama Sauti

Mtaa mzima humwita Mama Sauti. Kazi yake ni kuingiza maneno ya Kiswahili katika filamu za kigeni, na studio yake ni chumba cha kulala: magodoro yamesimamishwa ukutani, blanketi zimeziba dirisha, maiki moja katikati. Humo ameshakuwa malkia, mchawi na bibi harusi. Usiku magodoro hayohayo hushushwa sakafuni, naye hulala usingizi mzito palepale alipoigiza kufa mchana.

Safari hii filamu ilikuwa ya familia iliyonaswa na mafuriko, imekwama juu ya paa, maji yakipanda. Baba wa kila filamu huwa ni mumewe. Lakini tangu augue kifua, mume aliona sauti imemwishia, akatangaza kwamba hii ni ya mwisho. Atatafuta kazi ya ulinzi. Mama Sauti hakutaka mwenzi mwingine pale kwenye maiki, ila hakubembeleza. Alimuuliza tu kama wezi atawafukuza kwa kuwakodolea macho.

Kwa kawaida hurekodi mmoja mmoja, mwingine akingoja jikoni, ili sauti zisigongane. Mume akaingia. Kwenye skrini mkondo ukamvuta mke wa yule baba, naye mume wa Mama Sauti akaita kama mtu anayeagiza chai. Akarudia, ikawa hafifu zaidi.

"Nimekwisha, mke wangu."

"Umepoa tu. Sogea huko."

Mama Sauti akatoka jikoni, akavunja utaratibu wake mwenyewe, akasimama naye, akamshika ukosi wa shati. Maji yalipomfika kifuani yule mama wa kwenye filamu, Mama Sauti alijiachia kwa uzito wake wote, mumewe akayumba.

"Kipara, usiniachie!"

Hilo ni jina la nyumbani. Yule baba wa kwenye filamu ana nywele hadi mabegani. Mume hakuligundua kosa. Alimdaka kiuno, sauti ikamtoka tumboni.

"Nimekushika, mama watoto! Nimekushika!"

Jirani alikuja kugonga mlango kuuliza kulikoni.

Waliporudisha rekodi kusikiliza, mume alicheka hadi akakohoa. Mkewe akangoja kikohozi kipite, kiganja kikiwa mgongoni pake.

"Rudia ya kwako, umeharibu," alisema mume, akifuta machozi.

"Na ya kwako?"

"Yangu usiiguse." Akanyoosha ukosi wa shati. "Ile filamu ya moto wa msituni waliyoleta jana, nani anakuwa baba?"

Mama Sauti alikuwa ameshageukia maiki.

"Nani mwingine? Nenda jikoni, nirekodi."