Helikopta Inapopita Darasani

Juzi nilikwenda shule ya msingi hapa Palma kumwandikisha mpwa wangu, nikaambiwa nisubiri nje ya darasa la pili. Mara helikopta inayopeleka watu kwenye meli za gesi ikapita juu ya mabati. Msichana mmoja akakimbilia dirishani, na darasa zima likamfuata kwa makelele.

Mwalimu, mama wa makamo, hakushika fimbo. Aliwakalisha wengine, kisha akachuchumaa kando ya yule binti.

"Mwanangu, kila siku wewe. Kuna nini huko?"

"Baba yuko kazini melini. Alisema atarudi na helikopta."

Mwalimu akamtengenezea ushungi.

"Basi ikipita, simama pale pale ulipo, umpungie mkono, halafu ukae tuendelee."

"Na wenzangu?"

"Watakusaidia."

Kabla sijaitwa, ikapita nyingine. Watoto wote wakasimama, wakapunga mikono bila kelele, wakakaa. Mwalimu naye alipunga, chaki mkononi.

Wapo watakaosema huko ni kuwadekeza watoto. Siwezi kubishana nao, maana hata mimi kule nje nilikuwa nimeinua mkono, nampungia baba wa watu.